Kimashine cha kupima chuma kwenye maji, nimekitumia miezi 4

Mi kazi yangu kufunga mafilta ya visima virefu, na miaka yote kipimo changu kilikuwa chai ya rangi tu, unachemsha na maji ya kisima ikiwa nyeusi tii kama wino ujue chuma kipo, ila kiasi gani hujui, mteja akiuliza filta saizi gani unabaki kukuna kichwa. Ndo nikajipinda nikanunua hiki kidude, kinakaa kiganjani kabisa.

Unajaza maji mililita 10 kwenye kichupa cha kioo, unakitumbukiza, unabonyeza kinasoma sifuri, halafu unamwaga unga wa kipakti kimoja unatikisa. Ule unga una kemikali inaitwa fenantrolini, ikikamata chuma maji yanakuwa rangi ya chungwa, na taa ya kijani ya ndani inapita humo, chungwa likikolea linaumeza mwanga, kinachopungua ndo kinageuzwa namba. Dakika 3 tu. Mwisho wake miligramu 5 kwa lita, zaidi ya hapo uzimue na maji ya betri (yale yasiyo na asidi jamani).

Siku ya kwanza Mkuranga nikachota kwenye simtanki, 0.4, nikamwambia mzee wangu filta ndogo inatosha. Kitu kikanituma nipime yanayotoka kwenye pampu palepale, 3.1!! Na maji meupe peee. Kumbe yakitoka chini chuma kimeyeyuka hukioni, kikipigwa na hewa ndo kinageuka kutu kinatulia chini ya tanki. WHO wanasema ikizidi 0.3 nguo zinashika madoa, sasa 3 si kanzu zote zinakuwa za udongo. Mashine haikudanganya, nilichota pabaya mwenyewe.

Ubaya wake, alama ya kidole kwenye kichupa inapandisha namba, natembea na kipande cha kanga kuukuu cha kufutia. Na vipakti! Boksi la 25 linaisha kama karanga, na duka moja Kariakoo waliniuzia vyenye unga ulioganda mabonge, maji hayakubadilika rangi hata kidogo nikadhani kisima safi. Halafu ni chuma tu, risasi au shaba usikiulize.

Nakipa 4 kwa 5. Yule mzee nilimwonesha 3.1 akacheka, "fundi, mbona chai ilishaniambia," nikamwambia sawa mzee, sasa iulize chai filta saizi gani.