Kinga-jua ya gari, dumu la maziwa na mkebe wa plastiki: vipi vinamfaa mpiga picha wa Mombasa

Kinga-jua ya kioo cha gari, ile ya rangi ya fedha inayotembezwa na wachuuzi kwenye foleni ya magari, imenifaa kuliko vifaa vingi nilivyonunua kwa bei ya kuumiza. Muuzaji alinionya, "Dadangu, hii ni kubwa, gari dogo haiingii." Nikamwambia gari sina, nampelekea bibi arusi.

Kazi ya kinga-jua hiyo ni kurudisha mwanga usoni. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na maarusi wengi hutaka picha za Ngomeni, yaani Fort Jesus, mchana wa saa saba, jua liko utosini, macho yote yamezama kivulini. Msaidizi akiishika kinga-jua usawa wa kiuno na kuielekeza juu, uso unafunguka papo hapo. Ila fedha ni kali, mtu hukunja uso, tena upepo wa bahari hutaka kuondoka nayo. Nilimpelekea fundi cherehani wa Biashara Street anishonee foronya ya pamba nyeupe ya kuivika, yenye vitanzi vya kushikia kwenye pembe. Nikitaka ukali navua, nikitaka upole navika. Kitambaa kiwe cheupe pepepe; cha rangi ya malai hutia umanjano usoni.

Dumu jeupe la maziwa, unalolikata ukaivisha flashi, linasifiwa kupita kiasi. Ati hulainisha mwanga. Mwanga hulainishwa na ukubwa wa chanzo chake, na kidumu hakizidi ngumi. Kinachosaidia ni kwamba kinautawanya mwanga ugonge kuta na kurudi, kwa hivyo ukikitumia uwanjani unamaliza betri bure. Ndani ya nyumba za Mji wa Kale, zenye kuta zilizopakwa chokaa, hapo sawa. Lakini flashi usiielekeze darini. Zile boriti za mikoko hunyonya mwanga, na kidogo kinachorudi huwafanya wageni wote waonekane wamepakwa liwa.

Kamba na skrubu ya robo inchi, za kuituliza kamera mkononi, sina neno nazo. Skrubu hiyo huingia kwenye tundu la chini la karibu kamera zote. Unafunga kamba, unaikanyaga, unavuta juu hadi ikaze. Mtikisiko wa juu na chini unapungua, wa pembeni unabaki. Kwenye kupamba, sherehe ya wanawake ya harusi, watu wamebanana na mabuibui yao, stendi ya miguu mitatu utaiweka wapi? Skrubu iwe fupi tu, isije ikatoboa kamera kwa ndani.

Sasa mkebe, ambao mtu wa pwani asipokuwa nao nitamgombeza. Unyevu wetu huzalisha kuvu ndani ya lenzi, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, na zikishaula utandazo wa kioo, lile tabaka jembamba lililopakwa juu yake, hakuna fundi wa kuurudisha. Mkebe wa chakula wenye mfuniko wa kubana, pakiti za silika jeli za kunyonya unyevu, na kipima unyevu kidogo cha betri: basi. Nataka kisome asilimia 40 hadi 50. Ukiacha mfuniko wazi, tazama namba zinavyopanda.

Wanaotia mchele badala ya silika waache. Mchele hunyonya unyevu kidogo mno, na vumbi lake huingia kwenye pete za lenzi. Upike pilau. Silika ikishiba haitupwi: ya punje huikausha kwenye oveni kwa joto la nyuzi 120 hivi, kwenye trei nisiyopikia. Nachagua ya rangi ya chungwa, ambayo hugeuka kijani ikijaa maji. Ile ya buluu huwa na chumvi za kobalti, na nyumbani mna watoto.

Mkebe hausaidii ukitoka kwenye ukumbi wenye eisi kuingia joto la nje. Kamera baridi hulowa jasho mara moja. Mimi huitia kwenye mfuko wa nailoni na kuufunga nikiwa bado ndani, kisha naiacha humo mpaka ipate joto. Jasho linakaa juu ya mfuko. Wenzangu husimama mlangoni wakifuta kioo kwa pindo la kanzu, na kila wakifuta ukungu unarudi, huku bwana arusi ameshaingia garini.