Deiwaka ndiye bingwa: uzoefu wangu na fani za Final Fantasy V

Nianze na aibu yangu. Masaa kumi na tano ya kwanza nilicheza gemu hili kama mtu aliyepata ajira ya serikali: nimeonyeshwa meza, nimekaa, sinyanyuki mpaka nistaafu. Wahusika unaowaongoza ni wanne, na kila mmoja unampa fani, yaani kazi yake vitani: Bartz nilimfanya Naiti, shujaa wa upanga, Lenna nikampa uganga mweupe, Galuf akawa Mtawa wa kupiga ngumi, Faris akawa Mchawi Mweusi. Nikafunga ukurasa wa fani nikasema hapo nimemaliza, kilichobaki ni kupanda levo tu. Nikapanda kweli. Nilizunguka msituni nikichapa vijoka na mbwamwitu huku nasubiri foleni ya daladala isogee, namba zikaongezeka, nami nikajiona fundi.

Halafu nikafika juu ya magofu ya Ronka, yale yanayoelea angani, nikapigwa mara sita mfululizo na dude moja lenye mabawa linalobadilisha kinga zake kila ukilizoea. Levo zangu zilikuwa nzuri tu. Kilichokosekana ni akili ya kuelewa kwamba gemu lina ngazi mbili, na mimi nilikuwa napanda moja.

Kwa asiyelijua: Final Fantasy V ilitoka Japani Desemba 1992 kwenye mashine ya Super Famicom, na Wamarekani waliisubiri hadi 1999 kuipata rasmi kwenye PlayStation. Mimi nacheza toleo la Pixel Remaster la simu, lile lililochorwa upya, lililotoka Novemba 2021. Bei yake ya kawaida ilipotoka ilikuwa dola 17.99, ambayo kwa gemu la simu ni pesa ndefu, nami nilivuta pumzi kabla ya kubonyeza. Hakuna Kiswahili ndani, kwa hiyo majina ya fani utakayoyaona hapa nimeyatafsiri mwenyewe.

Sasa hizo ngazi mbili. Ya kwanza ni levo ya mtu, inayopanda kwa kila pambano kama ilivyo kwenye gemu nyingi za aina hii. Ya pili ni levo ya fani, na ina pointi zake tofauti kabisa. Ukiwa Naiti, pointi za fani zinaingia kwenye unaiti; ukibadili ukawa Mwizi, zinaingia kwenye wizi, na ule unaiti unakungoja pale pale ulipouacha. Kila levo ya fani inakupa ujuzi, na ujuzi huo unaubeba ukihamia kwingine. Hapo ndipo utamu ulipo. Unakuwa fani moja kwa ukamilifu wake, halafu kuna nafasi moja ya kutia ujuzi ulioupata kwenye fani nyingine. Nafasi moja tu! Kwa hiyo swali la kuchagua fani si "huyu awe nani", ni "huyu alishawahi kuwa nani".

Jambo ambalo laiti ningelijua mapema: kubadili fani hakukuharibii chochote. Nilikuwa naogopa kwa sababu nilitoka kwenye Final Fantasy Tactics, ambako fani uliyo nayo wakati unapanda levo inaathiri nguvu zako za kudumu, hivyo ukikosea unaubeba mzigo huo hadi mwisho. Humu sivyo. Nguvu zako zinahesabiwa kwa mwili wako na nguo uliyovaa leo. Ukiivua, nayo inaondoka na yake. Nilipolijua hilo nilirudi kwenye ukurasa wa fani kama mtoto kwenye duka la pipi.

Ronka niliipita hivi. Lenna nilimvua uganga mweupe nikamfanya Mchawi wa Wakati, lakini ule uganga nikautia kwenye ile nafasi moja, akawa anawaharakisha wenzake na kuwatibu kwa zamu. Bartz alikuwa ameshapata ujuzi wa Naiti wa kushika upanga kwa mikono miwili. Nikamhamishia kwenye fani ya Mchawi wa Upanga, anayepaka uchawi kwenye chuma chake kabla ya kukata. Nikashinda jaribio la pili. Watu walewale, levo zilezile.

Fani zenyewe zinakuja kwa mafungu, kila moja ya fuwele nne za hadithi inapovunjika. Fuwele ya upepo inatoa sita: Naiti, Mtawa, Mwizi, Mganga Mweupe, Mchawi Mweusi na Mchawi wa Buluu. Zinazofuata ni za maji, za moto na za ardhi. Ile ya moto inachekesha, kwa sababu vipande vyake viwili unavikuta baadaye sana tumboni mwa ndege mweusi wa kupanda, anakutapikia, ndipo unapata Mpiga Mishale na Malenga. Jumla ni fani 22 ukimhesabu na yule asiye na fani, ambaye nitamrudia.

Kwa anayeanza leo, nitamshauri Mtawa mapema. Hahitaji silaha, anapiga ngumi, na pesa unazookoa kwenye mapanga unanunulia uchawi wa wenzake, maana uchawi humu unauzwa madukani na hauna bei ya huruma. Mganga Mweupe usimwache, hasa kwenye makaburi ya meli, ambako bosi aitwaye Siren anageukageuka, mara hai, mara mzoga. Akiwa mzoga, dawa ya kutibu inamuunguza. Mchawi Mwekundu mimi simpendi. Anajua kidogo cha huku na kidogo cha kule, na anapofika mahali pagumu hana cha kukupa. Najua wapo watakaonibishia. Mfuga Wanyama na Mchezangoma sina la kusema, niliwapita mbio.

Ila Mchawi wa Buluu, jamani. Huyu hauziwi uchawi dukani. Anajifunza kwa kupigwa: adui akimrushia uchawi wa aina fulani na yeye akabaki amesimama hadi pambano liishe, anaujua. Maana yake unacheza gemu kinyume. Badala ya kumuua adui haraka, unamwacha, unamtibu mtu wako, unasubiri upigwe. Nilikaa kwenye ile maktaba ya kale, ambako kurasa za vitabu zinakurukia, hadi nikapata uchawi unaoua papo hapo kila adui ambaye levo yake inagawanyika kwa tano. Hesabu ya darasa la tatu, lakini ndani ya gemu ni silaha ya kutisha.

Na uchawi huo ndio ulioniondolea jasho la kutafuta pointi za fani. Mwanzoni pointi hizo zinadondoka moja moja, mbili mbili, kama mvua ya Dodoma. Lakini kwenye dunia ya pili, chini ya kasri la Bal, kuna vinyago vya mawe vinavyokuja vitano kwa pamoja. Vina levo 20. Umeshaona? Uchawi mmoja, vyote chini, pointi 8. Kama huna Mchawi wa Buluu, sindano ya dhahabu ya kuondoa ujiwe inaviua pia, kimoja kimoja. Toleo hili lina kitufe cha kupigana lenyewe, linarudia amri zako za mwisho, kwa hiyo nilikuwa napika ugali huku nyuma kidole kimoja kinasukuma watu wangu watembee. Binamu yangu ana toleo la Switch la 2023, na lake lina sehemu ya kuzidisha pointi hadi mara 4. Nilimwonea wivu siku mbili. Siku ya tatu nikaona yeye amemaliza fani ya Ninja bila kujua hata inafanya nini.

Ninja inafanya hivi: levo yake ya mwisho inakupa ujuzi wa kushika silaha mbili, moja kila mkono. Mpiga Mishale naye levo yake ya mwisho inakupa ujuzi wa kupiga mara nne kwa zamu moja, kila pigo nusu ya nguvu lakini likipita ngao za adui kama hazipo. Ziunganishe kwa mtu mmoja: mapigo manane. Na hapo ndipo ile nafasi moja inakuuma, kwa sababu unataka vyote viwili na bado uwe kitu cha tatu.

Dawa yake ni yule asiye na fani. Ndiye unayeanza naye dakika ya kwanza, hana chochote, nami nilimvua siku hiyohiyo kwa haraka. Kwangu jina lake ni Deiwaka. Anashika silaha yoyote, anavaa vazi lolote, na ana nafasi mbili za ujuzi badala ya moja. Zaidi ya hapo, kila fani unayoimaliza hadi levo ya mwisho inamwachia urithi: nguvu bora za fani hiyo, na vile vipaji ambavyo ilizaliwa navyo. Maliza Mtawa, Deiwaka anajibu mapigo. Maliza Ninja, anashika silaha mbili bila kutumia nafasi hata moja. Halafu zile nafasi mbili bado ziko wazi, unatia mapigo manne kwenye moja na uchawi wa upanga kwenye nyingine. Mchezo ule wa kuhangaika kutoka fani hadi fani, ambao mimi niliuona ni ukosefu wa msimamo, kumbe ndio uliokuwa mafunzo yake. Bartz wangu wa mwisho alikuwa Deiwaka. Exdeath, adui mkuu wa hadithi, alimaliza zamu chache tu mbele yake.

Neno moja kuhusu urithi mwingine: katikati ya hadithi mmoja wa wanne hataendelea na safari, na anayeshika nafasi yake anachukua levo na pointi zote. Kwa hiyo usimnyime mtu fani kwa kuogopa. Sisemi zaidi, maana mimi mwenyewe nililia kwenye kiti cha nyuma.

Baada ya kumaliza nilijipanga kwa Omega, yule bosi wa hiari anayechukia radi, mapigo yangu manane yakiwa yamepakwa umeme. Simu ikaanza kujizima. Nikaipeleka kwa fundi, akairudisha inawaka vizuri na imefutwa kila kitu. Nilikaa wiki nzima bila hata kuligusa gemu.

Kilichonirudisha ni mchezo wanaoucheza wapenzi wa gemu hili kila mwaka tangu 2009, unaitwa Four Job Fiesta, ambao pia huchangisha pesa za hisani. Unapewa fani moja kwa bahati nasibu kutoka kila fuwele, nne tu kwa gemu zima, hakuna kuchagua. Mimi niliandika majina kwenye vikaratasi, mpwa wangu akaokota: Mtawa, Kichaa, Malenga, Mchanganya Dawa.

Mpaka fuwele ya maji ivunjike nilikuwa na Watawa wanne, ukoo mzima wa wapiga ngumi, na bosi aitwaye Garula alitunyuka hadi nikarudi kupanda levo kwa mara ya kwanza bila aibu. Kisha akaja Kichaa. Kichaa hasikii amri. Anapiga anachokiona. Kwenye jangwa la mchanga unaotembea kuna mdudu mkubwa anayechomoza kwenye shimo moja kati ya matatu, na ukipiga shimo tupu linakurudishia uchawi wa kukukata uhai. Kila mtu mwenye akili anasubiri mdudu atoke. Kichaa wangu alipiga mashimo matupu mfululizo kwa imani kamili, mpwa wangu amelala chali kwa kicheko, mimi napitisha dawa mkono hadi mkono.

Malalamiko yangu ni mawili. Herufi kwenye simu ndogo ni nyembamba, usiku macho yanachoka. Na maelezo ya ujuzi ni mafupi mno. Lile la Deiwaka kurithi, mtu asingeniambia, ningemaliza gemu bila kulijua. Nimetoa nyota nne.

Mchanganya Dawa bado hatujamfikia. Mara ya kwanza sikumgusa kabisa, na nasikia anaweza kumpandisha mtu levo katikati ya pambano kwa chupa mbili tu alizozichanganya. Mpwa wangu ameshamtengea jina.