Feda ndefu au fupi? Vidhibiti vya MIDI ninavyovipendekeza, kuanzia bora

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji kuhusu vidhibiti vya MIDI, yaani vifaa vya kuongozea programu za muziki kwa kutumia MIDI, lugha ambayo vyombo vya muziki na kompyuta huwasiliana kwayo, yanafanana mno. Mtu amenunua kifaa chenye feda nane au tisa, yaani vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti, amekiunganisha na kompyuta bila tabu, kisha anapoanza kushusha sauti ya mwimbaji taratibu kuelekea mwisho wa wimbo, anaisikia ikishuka kwa vishindo, kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Mmoja wao, anayerekodi kwaya ya kanisa, aliniandikia kwamba alikwisha badilisha waya na programu na alikuwa karibu kubadilisha kompyuta, ilhali kasoro ilikuwa mbele ya macho yake: feda za kifaa chake zina mwendo wa milimita 30 tu.

Sitazungumzia idadi ya vitufe, taa za rangi wala programu za bure zinazoambatana na kifaa, kwa kuwa hayo yote yameandikwa nje ya boksi. Kisichoandikwa mara nyingi ni urefu wa mwendo wa feda, yaani umbali ambao kishikio chake husafiri kutoka chini hadi juu, na hilo ndilo ninaloling'ang'ania kuliko mengine. Urefu unaokutana nao sokoni ni milimita 30, 45, 60 na 100. Huu wa mwisho ndio uliozoeleka kwenye miksa kubwa za studio, na haukuwekwa kwa ajili ya fahari.

Ujumbe wa kawaida wa MIDI, ambao umbo lake halijabadilika tangu kiwango hicho kilipotoka mwaka 1983, una nafasi 128, kuanzia 0 hadi 127. Ukizigawa nafasi hizo kwenye feda ya milimita 30, kila moja inapata chini ya robo ya milimita. Kwenye feda ya milimita 60 inapata karibu nusu milimita, na kwenye ya 100 inakaribia 0.8. Sasa zingatia jinsi feda inavyosogea mkononi. Ukiisukuma polepole kabisa, kwanza inagoma, kisha inaachia ghafla, na inapoachia kidole kinakuwa kimeshapitiliza pale ulipokusudia. Kupitiliza kwa milimita 2 kwenye feda fupi ni kuruka nafasi nane au tisa kwa mpigo, ilhali kwenye feda ndefu ni mbili au tatu. Hivyo vishindo ambavyo msomaji wangu alikuwa akivisikia vilitoka kwenye mgomo huo mdogo wa plastiki, na hakuna kompyuta inayoweza kuurekebisha.

Hata hivyo, urefu nao unaweza kuwa hasara usipoangalia kinachosafiri ndani ya waya. Feda ya milimita 100 inayotuma ujumbe wa nafasi 128 inakupa mkono uliotulia zaidi, lakini haikuongezei hata nafasi moja, na sehemu ya chini ya kipimo cha sauti, ambako wimbo unamalizikia, nafasi moja inaweza kuwa desibeli kadhaa. Itifaki ya Mackie Control, yaani utaratibu wa mawasiliano kati ya kidhibiti na programu ya kumiksi, iliondoa tatizo hilo kwa kuipitisha feda kwenye ujumbe ule ule unaotumiwa na gurudumu la kupindisha noti kwenye kibodi, wenye nafasi 16,384. Hata kifaa kikitumia 1,024 tu kati ya hizo, kila sehemu ya kumi ya milimita kwenye feda ndefu ina nafasi yake. Behringer X-Touch Compact, kwa mfano, ina feda tisa za milimita 100 zenye mota, lakini inaweza kufanya kazi kwa namna zote mbili. Mtu akiiacha kwenye namna ya kawaida anakuwa amelipia urefu ambao anautumia nusunusu.

Kwa kazi ya kumiksi, yaani kusawazisha sauti za wimbo, naiweka PreSonus FaderPort nafasi ya kwanza, na sifichi kwamba ndiyo chapa ninayoipendelea. Toleo la mwaka 2018 lina feda moja tu, ya milimita 100, inayohisi kidole na kusogezwa na mota. Wasomaji huniuliza iweje nimshauri mtu anunue feda moja wakati kwa fedha hiyo hiyo, au pungufu, angepata tisa. Jibu langu ni kwamba anayemiksi nyumbani huendesha sauti moja kwa wakati mmoja: anamaliza ya mwimbaji, anahamia kwenye besi, kisha kwenye waitikiaji. Kila anapohama, mota huipeleka feda mahali chaneli hiyo ilipoachwa, ambapo feda isiyo na mota hubaki ilipo na sauti huweza kuruka mara tu inapoguswa. Jambo la kuangalia ni kwamba mota hiyo inahitaji adapta yake ya umeme, kwa hiyo waya wa USB peke yake hautoshi.

Nafasi ya pili ni Behringer X-Touch One, nayo ikiwa na feda moja ya milimita 100 yenye mota. Ina kioo kidogo kinachoonyesha jina la chaneli na gurudumu la kusogeza wimbo mbele na nyuma, vitu ambavyo FaderPort haina. Ningeichagua bila kusita kama FaderPort haipatikani.

Anayetunga kwa fidla na filimbi za kwenye kompyuta ana hoja tofauti, kwa sababu kupanda na kushuka kwa sauti hizo hurekodiwa kwa ujumbe wa MIDI namba 1 na namba 11, ambao kwa kawaida una zile nafasi 128 na basi. Hapo milimita 60 zinatosha vizuri, na Novation Launch Control XL, yenye feda nane za urefu huo na vinobu 24 vya kuzungusha, ndiyo ninayoipendekeza. Unaweka kidole cha shahada kwenye feda ya namba 1 na cha kati kwenye ya namba 11, kiganja kikiwa kimelala mezani, na mwendo wote unaufikia bila kuinua mkono.

Seti kubwa kama FaderPort 8, SSL UF8 na Avid S1, zote zenye feda nane za milimita 100, ni nzuri sana, lakini ni za mtu ambaye wateja wanamlipa kwa saa.

Korg nanoKONTROL2 na Akai MIDImix ni za bei nafuu, zinaingia kwenye begi, na feda zake ni fupi. Zinafaa kuwasha na kuzima chaneli na kupanga mizani ya haraka.

Nimebakiwa na neno kwa wauzaji. Ukiuliza mwendo wa feda, utaambiwa urefu wa kifaa kizima, au utapimiwa kwa rula ufa wote ambamo feda hupita, huku kishikio kikigota kabla ya kuumaliza. Bei nayo imefichwa inboksi, na ukifika huko unatajiwa kwa dola, ingawa kanuni za mwaka 2025 zimekataza bidhaa kutangaziwa bei kwa fedha za kigeni ndani ya Tanzania. Wauzaji wa vifaa vilivyotumika ndio wabaya zaidi. Kuna duka liliniuzia kifaa chenye mota bila adapta, na nilipoulizia nikaambiwa adapta inauzwa peke yake. Kuna jingine ambalo lilikuwa limepulizia mafuta kwenye ufa ili feda iteleze mbele ya mteja. Omba kifaa kiunganishwe na kompyuta pale pale dukani, fungua programu inayoonyesha ujumbe unaoingia, na uisogeze feda polepole kutoka chini hadi juu. Namba zikitoka 61 zikaenda 66 bila kupitia katikati, mrudishie muuzaji kifaa chake.