jamovi kwa wanaoandika utafiti wa takwimu na maadili ya tiba, mimi nimeikubali

Wadau wa vyuo vya afya, kila msimu wa utafiti ukifika watu wanaulizana wapi pa kupata SPSS (programu ya kulipia ya kuchambua data) ya bure, na hiyo ya bure ni ile iliyokrakiwa unayowekewa na mtu kwa flashi. Achaneni nayo, shusheni jamovi, programu nyingine ya kuchambua data. Ni bure kihalali, imejengwa juu ya R (lugha ya kompyuta ya takwimu), na kama kazi yako inagusa maadili ya tiba kama yangu, kuianza na programu ya wizi kwa kweli haikai sawa.

Mimi niliandika kuhusu dawa za kuzuia mama asimwambukize mtoto VVU. Mwaka 1994 utafiti wa AZT, dawa ya VVU, uliokuwa unafanyika Marekani na Ufaransa ulisitishwa njiani kwa sababu majibu yalishakuwa wazi, maambukizi 8.3% kwa waliopata dawa na 25.5% kwa waliopata plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa. Sasa baada ya hapo zikaja tafiti huku kwetu, mojawapo ule ulioitwa Petra, uliofanyika Dar es Salaam, Kampala, Johannesburg na Durban, na bado kuna kina mama waliwekwa kundi la plasebo! Mwaka 1997 madaktari wa Marekani Peter Lurie na Sidney Wolfe wakaipinga hali hiyo kwenye New England Journal of Medicine, watetezi wakajibu kwamba dozi ndefu ya Marekani isingewezekana huku kwa gharama yake, kwa hiyo lazima ijulikane dozi fupi inasaidia kuliko kutopata chochote, na ukilinganisha na plasebo jibu linapatikana kwa watu wachache na haraka. Yaani hata hesabu ya ukubwa wa sampuli ni swali la nani anabebeshwa hatari, na mimi bado naona wale mama walibebeshwa mno.

Turudi kwenye programu. Nilichukua namba za 1994, watoto 180 upande wa dawa walioambukizwa 13, upande wa plasebo 183 walioambukizwa 40. Unaandika mistari minne tu, safu ya kundi, safu ya majibu na safu ya idadi, hiyo ya idadi unaivutia kwenye kisanduku cha Counts, kai-skwea (kipimo cha tofauti kati ya makundi) inatoka hapohapo 15.6, p chini ya .001, yaani kama dawa isingesaidia, tofauti kubwa hivi ingetokea kwa bahati mara chache mno. Ukiwasha asilimia ndo unakutana na 7.2 na 21.9, sio zile zilizochapishwa. Sio kosa, wao walitumia Kaplan-Meier, njia ya kukadiria ambayo inazingatia kwamba kuna watoto walikuwa hawajafuatiliwa mpaka mwisho. Kwangu hiyo ndo aya bora ya kazi nzima, na nisingeipata kama ningenakili tu namba za watu.

Halafu faili lake la .omv linabeba data, hatua na majibu pamoja, supavaiza akilifungua anaona kila ulichochagua. Kuna steshenari jirani na chuo wanachambulia watu data kwa hela, unapewa majedwali kwenye Word basi, na nilisikia kwa masikio yangu mwanafunzi anaulizwa "unataka p itoke ngapi?" Jamani hizo ni data za wagonjwa, kuna daktari kesho anaweza kuandika dawa kwa kutegemea hiyo p!

Mapungufu yapo. Kaplan-Meier haiji nayo, unabonyeza alama ya kujumlisha juu kulia unaongeza moduli, hivyo uwe na bando. Menyu ni Kiingereza cha kitakwimu, kama hujui ANOVA ni nini haitakufundisha. Na kuna toleo la mtandaoni pia, ila kama una data za wagonjwa tumia la kwenye laptopu na majina uyatoe kabisa kabla hujaingiza chochote. Ukifika jamovi.org chukua toleo lililoandikwa solid, ndo limetulia.