"Nnyabo, hiyo ni urembo tu": kava ya chini ya injini na gereji iliyonipandisha presha

Nianze na hukumu kabla hasira haijapoa: gereji ambayo vijana wake wanamwaga bolti kwenye vumbi badala ya kuziweka kwenye kopo, usiwape kava ya chini ya injini waifungue. Oili wabadilishe, plagi wabadilishe, lakini kava wasiiguse.

Nazungumzia ile plastiki nyeusi pana inayoanzia kwenye mdomo wa bampa na kuishia chini ya injini. Wengine huiita sampugadi, ingawa sampugadi hasa ni bati la chuma la magari ya porini. Hizi Toyota Premio, Wish na Spacio zilizojaa mjini zina plastiki tu. Yangu ilikuwa inalegea na kugonga. Juzi juzi, mvua zikikaribia, nikaipeleka gereji moja hapa Kampala ambayo sitaitaja, wabadilishe oili na waikaze.

Fundi mkubwa hakuinama hata kidogo, akaniita tu nnyabo, yaani bibie kwa Kiganda. "Nnyabo, hiyo ni urembo tu. Toa, utembee." Nikamuuliza, kama ni urembo, kiwanda kiliiweka chini ambako hakuna anayeiona kwa faida gani? Akawatazama vijana wake, wakacheka. "Muulize mzee nyumbani." Mzee gani? Gari ni langu, na spana namba 10 ninayo kwenye buti.

Sasa tuzungumze kava, maana yeye hakutaka.

Kava hailegei yenyewe. Inalegezwa, na mara nyingi inalegezewa pale pale unapobadilishia oili. Kila baada ya kilomita 5,000 hivi inavuliwa ili fundi aifikie nati ya kumwagia oili na filta. Gari langu lina matundu 11 ya kuishikilia, mengine ya bolti za milimita 6 zenye kichwa cha spana namba 10, mengine ya klipu za plastiki za kubonyeza. Nilipochungulia nilikuta bolti tano. Klipu, sifuri. Sita zimeishia kwenye vumbi la magereji, huduma baada ya huduma, kila kijana akijiambia kwamba zilizobaki zinatosha. Hazitoshi. Kila bolti inapopungua, iliyo jirani yake inabeba mtikisiko wa mbili. Tundu la plastiki linaanza kuchongeka, linakuwa refu kama yai, kisha kichwa cha bolti kinapenya na sikio, yaani plastiki inayolizunguka tundu, linachanika. Hapo ndipo kelele huanza, na wewe unadhani imelegea jana.

Umri nao unachangia. Sheria yetu ya mwaka 2018 inakataza kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi, lakini hata la miaka 10 plastiki yake imeshapikwa na joto la injini kwa miaka 10. Ukiikunja kwa mkono haipindi, inalia "ka" na kuvunjika. Klipu ndiyo mbaya zaidi. Kipini cha katikati kikishatolewa kwa bisibisi mara mbili tatu hakishiki tena. Klipu mpya moja ni rahisi kuliko rolex, ile chapati ya mayai ya barabarani, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba tatizo ni bei.

Ukali wangu hasa uko kwenye ulimi wa mbele, yaani ukingo wa kava unaokutana na bampa. Fikiria mabati ya nyumba: bati la juu linalalia la chini ili maji yapite bila kuingia. Kava ni hivyo hivyo, ila badala ya maji ni upepo. Kwenye gari langu ulimi wa mbele unaingia ndani, juu ya mdomo wa bampa, ili upepo uteleze chini na kupita. Huduma iliyotangulia, gereji hiyo hiyo, waliurudisha ukiwa nje, chini ya mdomo. Wamenitengenezea kijiko cha kuchotea upepo! Mjini huwezi kugundua, na foleni zetu hizi. Toka uingie barabara ya Entebbe ile ya kulipia, fika 80, utasikia plastiki inapiga kama kuku aliyefungwa kwenye gunia. Upepo ukiendelea kuivuta, inang'oa klipu za bampa, inaburuta ukingo wa bampa kando ya tairi, na ikikatika upande mmoja inaweza kujikunja chini ya gurudumu. Gari la nyuma yako nalo litaipokea kwenye kioo.

Kelele zina lugha yake. Ikipiga kwa kasi tu, tazama ulimi wa mbele. Ikikwaruza unapopanda tuta, ni ukingo wa nyuma unaoning'inia. Lakini ikilia kama kopo la njugu gari likiwa limesimama injini inaunguruma, acha kava, hilo ni bati la joto la ekzosi. Ni kitu kingine kabisa, na mtu akikufungia bati hilo kwa tai za plastiki utanusa moshi kabla hujafika Wandegeya.

Na sasa nitasema jambo ambalo sikutaka kulisema: yule bwana hakukosea yote. Kava iliyoshikwa upande mmoja ni mbaya kuliko kutokuwa na kava. Kama masikio ya mbele yote yamekwisha na huna la kufanya leo, ivue yote, iweke buti, endesha. Injini haitakufa. Ivue pia kama imelowa oili, kwa sababu kava iliyolowa inaficha mahali panapovuja. Unaosha, unatembea siku mbili tatu bila kava, unachungulia tone linatokea wapi. Kiangazi, barabara ya lami, unaweza kukaa hivyo wiki kadhaa na usione tofauti isipokuwa kelele za barabara kuongezeka.

Ila "ivue kwa muda" si "haina kazi". Na kuvua si kukata. Nitafika huko.

Kwenye hizi Toyota ndogo zenye injini ya kulala kwa upana, mikanda na alteneta viko upande wa kulia, yaani kwa dereva wetu. Kuna kipande kidogo cha pembeni, upande wa ndani wa gurudumu la mbele la kulia, kinachozuia maji ya tairi yasirukie mikanda. Mafundi wakivua kava kubwa wanatupa na hicho, eti ni familia moja. Kosa kubwa. Kama huna budi kubakiza kimoja tu, bakiza hicho. Pita Bwaise, mtaa unaojaa maji, baada ya mvua bila hicho kipande: maji yanapiga mkanda, mkanda unateleza, unalia kama mtoto wa mbuzi, taa ya betri inamulika, na kama usukani wako ni wa majimaji unakuwa mzito ghafla. Maji yakikauka, yote yanatulia, na wewe unaenda kubadilisha mkanda mzima ambao haukuwa na kosa. Kwenye murram, yaani barabara ya udongo, ni polepole zaidi: mchanga mwekundu unakaa kwenye mifereji ya mkanda na kuusaga.

Kutengeneza si kazi ya kutisha. Gari lipande kwenye vyuma vya kuegemeza au ngazi za matairi, kamwe usilale chini ya jeki peke yake, hata kwa "dakika moja". Vua kava, ioshe kwa sabuni ya unga, iweke juani uione vizuri. Ufa wowote utoboe mwishoni kwa keekee ya milimita 3. Tundu la duara linauzuia usiendelee, bila hilo kiraka chochote ni bure. Sikio lililochanika liwekee kipande cha bati la aluminiamu la milimita 1.5 au 2, juu na chini, plastiki ikiwa katikati kama nyama ndani ya chapati, kishikwe na ribiti nne. Toboa tundu la milimita 8 kwa bolti ya milimita 6, maana plastiki inatanuka kwa joto na inahitaji nafasi ya kupumua. Kisha tia washa pana, kile kiduara cha bati kinachokaa chini ya kichwa cha bolti, yenye upana wa milimita 25 hadi 30. Hiyo washa ndiyo siri yote. Bolti yenye kichwa kidogo juu ya plastiki ni kama msumari kwenye uji.

Kaza kwa mkono. Washa ikishakaa sawa, ongeza robo mzunguko, basi. Ile bunduki ya upepo ya kufungulia matairi isikaribie hapa. Inazungusha nati iliyo ndani ya chuma, nati inakatika ilipochomelewa, na kuanzia hapo bolti inazunguka tu bila kutoka wala kukaza. Ikitokea, tafuta nati ya klipu, ile ya bati inayovikwa ukingoni mwa chuma, ikiwa ukingo unafikika.

Tai za plastiki? Kwa kufika nyumbani, sawa. Funga mbili mbili, mbali na ekzosi, kwa sababu karibu na joto zinakuwa kama tambi. Waya wa chuma ndio siutaki, unakata plastiki kama msumeno. Na popote utakapofunga, isiwe kwenye bomba la AC, nyaya, mpira wa breki wala mkono wa usukani. Nimeona kava iliyofungwa kwenye bomba la AC. Kila shimo la barabara lilikuwa linavuta lile bomba.

Haya. Turudi kwa bwana wetu, maana presha inapanda tena.

Nilisema mwenyewe: kama hamwezi kukaza, ivueni, mniwekee buti. Bolti mbili zikawa zinazunguka. Badala ya kuniita, kijana akachukua kisu na kukata masikio yote mawili, halafu na yale ambayo hayakuwa na tatizo, ili awahi. Nilipoiomba kava, wakatazamana. Ilikuwa imeshachukuliwa na mwokota plastiki. Kava yangu, yenye ufa mmoja na masikio mawili ya kushona, imeenda kuuzwa kwa kilo! Kwenye bili kulikuwa na shilingi 30,000 za "kazi ya chini".

Asiyejua ataona nalilia plastiki. Kava kuukuu ndicho kipimo cha kununulia nyingine. Ukienda Kisekka, soko la vipuri, mikono mitupu, muuzaji atakupa kava "ya Premio", na utagundua nyumbani kwamba ni ya toleo lingine, au ya gari la kuvuta magurudumu manne, matundu yamepishana vidole viwili. Ukienda na ya zamani, unalaza moja juu ya nyingine pale pale kwenye meza, unahesabu masikio, unatazama tundu la nati ya oili liko wapi. Mimi ilibidi nipige picha chini ya gari, nipime kwa futi, na bado nilirudi mara mbili.

Kuhusu kuchongesha ya chuma Katwe, kwa mafundi wa vyuma, ambako bwana huyo huyo alinielekeza kwa mzaha: bati la chuma la milimita 2 lina kilo karibu 16 kwa mita moja ya mraba, la milimita 3 linakaribia 24. Huwezi kutundika uzito huo kwenye masikio ya bampa. Lishikwe kwenye chuma kinachobeba injini, bolti za milimita 8 zisizopungua nne, na tundu la kumwagia oili liachwe, la sivyo kila huduma utalipia kulishusha. Kama unaishi kijijini kwenye mawe, lina maana. Kwa mtu wa Ntinda anayepanda matuta tu, unajipunguzia nafasi ya chini bure.

Kwa hiyo gereji ile nawapa sifuri. Hapana, subirini. Kijana mmoja pale alisikiliza injini yangu sekunde kumi akasema koili inayopeleka umeme kwenye plagi ya silinda ya tatu inakufa, na kweli ilikuwa hiyo, baada ya watu wawili wengine kuniuzia plagi. Oili wanayoweka ndiyo niliyoinunua, chupa wanaifungua mbele yangu. Nitarudi, na najichukia kwa kusema hivyo. Ila asubuhi hiyo kava nitaivua mwenyewe nyumbani, bolti na klipu zote 11 kwenye kopo la Blue Band, kopo kwenye kabati, na nitaingia pale injini ikiwa uchi.