Utabiri wa hewa ya mtaa ambao si wa mtaa: uzoefu wangu

Naanza na kilichoniudhi, kwa sababu ndicho kilichonikalisha niandike. Asubuhi moja ya msimu wa baridi, duara la mtaa wetu kwenye ramani ya programu hii ya ubora wa hewa lilikuwa la kijani tangu alfajiri hadi karibu saa 4 asubuhi. Nje, moshi wa takataka zilizochomwa usiku ulikuwa umelala chini, koo linawasha. Kwa AQI ya Marekani (kipimo cha ubora wa hewa), kwa viwango vyake vya PM2.5 (chembe ndogo sana za uchafu hewani) vilivyobadilishwa 2024, kijani, yaani hewa safi, kinaishia mikrogramu 9 kwa mita ya ujazo. Hewa ya mikrogramu 9 haikuwashi koo.

Nilipakua faili la vipimo vya saa kwa saa. Kwenye safu ya chanzo jibu lilikuwa wazi: kihisi cha mtaa, yaani kifaa kinachopima hewa pale pale, kilikuwa kimenyamaza tangu usiku, na kila saa iliyofuata programu ilijaza pengo kwa namba ya modeli, yaani makadirio ya kompyuta. Kuziba pengo kwa modeli si dhambi. Vihisi hukatika umeme, hukosa intaneti, hujaa vumbi. Kinachonikasirisha hadi sasa ni kwamba kwenye skrini hakuna kilichobadilika. Duara ni lile lile, rangi ni ile ile, jina la mtaa liko pale pale. Modeli hizi huigawa dunia katika miraba ambayo upande mmoja ni kati ya kilomita 10 na 40, na namba moja inasimama kwa mraba mzima, mashamba na barabara kuu pamoja. Jalala linaloungua mita 300 kutoka dirishani halimo humo. Basi ukiandika jina la mtaa juu ya namba hiyo umemdanganya mtu, na anayedanganyika ni mzazi mwenye mtoto wa pumu anayeamua kama mtoto atembee kwa miguu au asitoke.

Niliwaandikia huduma kwa wateja: faili, saa zilizokosekana, picha ya skrini. Jibu: programu inafanya kazi vizuri, ifute uipakue upya. Nikaandika tena nikieleza kwamba tatizo liko kwenye data yao, simu haihusiki. Jibu la pili liliniambia data zao zinatoka kwa wataalamu na kwamba wateja wengine hawajalalamika. Hao wengine watalalamikaje, na wanaonyeshwa kijani? Mtu aliyeandika sentensi ile hakufungua faili nililomtumia.

Kwa anayeendelea kuitumia, kihisi kilicho hai hutambulika hivi. Namba zake hurukaruka: 31, 38, 34, 52. Mstari wa modeli ni laini, unapanda na kushuka taratibu kama kilima. Kisha linganisha na mtaa wa jirani. Mitaa miwili ikitoa namba ileile saa baada ya saa, unasoma mraba mmoja wa modeli. Mwisho angalia saa ya kipimo, ambayo hapa imefichwa ndani ya menyu ya tatu. Ikiwa kipimo cha mwisho kina zaidi ya saa mbili tangu kichukuliwe, usiiamini rangi.

Utabiri wa kesho nao una mtego wake. Ukurasa wa kwanza hutoa namba moja kwa siku nzima, yaani wastani wa saa 24. Chukua siku ambayo PM2.5 ni 120 kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na saa 21 zilizobaki ni 15. Wastani ni 28, AQI 86, rangi ya manjano, na maelezo yanasema hali ni ya kuridhisha. Lakini zile saa tatu zikisomwa peke yake zinatoa AQI 196, nyekundu inayokaribia zambarau, na ndizo saa za kwenda shule. Sababu inajulikana: usiku wa baridi usio na upepo, hewa baridi hukaa chini ikafunikwa na hewa ya joto kama sufuria na mfuniko, na moshi wa majiko, magari na takataka hauna pa kwenda hadi jua lipashe ardhi. Bonyeza ile namba ya siku ili kufungua mistari ya saa. Ingekuwa juu yangu, mistari hiyo ndiyo ingekuwa ukurasa wa kwanza.

Nilidhamiria kutoa nyota moja. Haki inanizuia, maana kihisi kinapofanya kazi programu hii inafanya jambo ambalo nyingi haziligusi: inarekebisha unyevunyevu. Vihisi vya leza vya bei nafuu hupima mwanga unaotawanywa na chembe, na hewa yenye unyevu mwingi huzivimbisha kwa maji, kwa hiyo ukungu huhesabiwa kuwa uchafu. Fomula ya 2021 ya EPA, shirika la mazingira la Marekani, kwa vihisi vya PurpleAir, aina mojawapo ya hivyo vya bei nafuu, ilizidisha kipimo kwa 0.524, ikatoa asilimia ya unyevu iliyozidishwa kwa 0.0862, kisha ikaongeza 5.75. Kwa fomula hiyo, kifaa kikisoma 60 kwenye unyevu wa asilimia 85, unabaki na 30 hivi. Hapa wanakuonyesha namba zote mbili, ghafi na iliyorekebishwa, pamoja na leza mbili za kifaa kila moja kivyake, ili zikiachana sana ujue mojawapo imeingia vumbi au buibui. Hiyo ni kazi nzuri sana, na aliyeijenga anaujua moshi.

Kwa hiyo nyota tatu? Nilikuwa nimeshaandika tatu. Kisha nimefungua ramani sasa hivi, kabla ya kutuma: kihisi kile kimenyamaza tena, saa ya mwisho ya kipimo ni ya jana jioni, na duara ni la kijani. Nyota mbili, na hizo ni za mhandisi wa vihisi peke yake. Wachore duara tupu lisilo na rangi kila kituo kinaponyamaza, waandike chini yake neno moja, "makadirio". Hadi hapo, asubuhi zisizo na upepo madirisha yangu yanabaki yamefungwa hadi jua lipande, na anayelazimika kutoka avae barakoa ya N95 iliyobana kingo zote, hata ramani ikisema kijani.