Jiko la kuni la kilowati 5 katika nyumba kuukuu ya shamba: uzoefu wangu

Huu ni msimu wa tatu wa baridi nikilitumia: jiko la chuma lenye mlango wa kioo, kilowati 5, bomba la milimita 150. Linapasha sebule ya mita 5 kwa 6, dari mita 2.5. Limeniridhisha, ila siyo jiko peke yake lililofanya kazi.

Tuanze na ukubwa. Kwa nyumba ya zamani, chukua mita za ujazo za chumba ugawe kwa 14, utapata kilowati. Yangu ni 75, yaani kama 5.4, nikachukua la 5 kwa kuwa juu ya dari nilishatandika sufi ya kioo (nyuzi za kioo za kuzuia joto lisitoroke) sentimita 25 na kuziba nyufa za madirisha. Muuzaji atakusukumia la 8 "usije ukapungukiwa". Kataa. Jiko likizidi chumba, utabana hewa inayoingia kwenye jiko kila saa ili joto lisikuzidi, na moto uliobanwa hauwaki, unafukiza tu. Moshi huo ukikuta bomba lililopoa chini ya nyuzi 120 unaganda kuwa lami nyeusi, na lami ndiyo inayowasha dohani.

Dohani ya matofali ya zamani ni pana na baridi, moshi unapoa kabla haujafika juu. Ingiza ndani yake bomba la chuma kisichoshika kutu, lililovikwa kihami, yaani tabaka la kuzuia joto lisipotee. Kazi hiyo ilikula pesa kuliko jiko lenyewe, na sijutii. Bomba lisilo na kihami linalotoka kwenye jiko likae sentimita 45 mbali na mbao, na ncha nyembamba ya kila kipande itazame chini, ili lami ikiyeyuka irudi ndani ya jiko. Mafundi wengi huligeuza, wakidhani ni kama mfereji wa mvua. Hapo lami inachuruzika nje na nyumba nzima inanuka.

Kuni ziwe na unyevu chini ya asilimia 20. Pasua gogo, pima uso mpya wa katikati. Ncha hukauka kwanza na zitakudanganya. Kilo moja ya kuni kavu inakupa joto la kama uniti 3 (kilowati-saa 3) chumbani, kwa hiyo likiwaka kwa nguvu zake zote linakula kilo 1.7 kwa saa. Kioo kikianza kuwa cheusi, kuni ni mbichi au umebana hewa mno.

Kasoro: kamba ya kuziba mlango ilikakamaa msimu wa pili. Fungia kipande cha karatasi mlangoni; kikivutika bila kukwama, kamba imekwisha. Nunua ya unene uleule, kwangua gundi ya zamani yote kabla ya kubandika. Mpini wa hewa unaunguza, usiuguse bila glovu. Vibao vya kuhimili moto vilivyo ndani ya jiko hupasuka ukitupia magogo. Ufa hauna neno mpaka kipande kidondoke.

Jivu liende kwenye ndoo ya bati yenye kifuniko, nje ya nyumba: makaa hukaa hai siku kadhaa. Kengele ya kaboni monoksidi (gesi ya sumu isiyo na harufu) ni lazima, na usifunge hewa yote wakati makaa bado mekundu.

Mwenye umeme wa uhakika aangalie pampu ya joto, mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kulileta ndani, inayotoa karibu uniti 3 za joto kwa 1 ya umeme. Umeme ukikatika inalala. Jiko hili halina feni.